Ulimi wa Bi Hasina

Watu wa Pangani walimsifu Mboni mpaka sifa akazikinai. Walisema mwanamke yule ana moyo wa mitume. Walisema pepo yake imeshajengwa, bado kukabidhiwa funguo tu. Kila aliyeingia kumjulia hali Bi Hasina alitoka akitikisa kichwa na kusema, jamani, wangapi leo wangeweza? Mboni aliitikia "Alhamdulillahi", akainamisha macho kama mja mwema anavyotakiwa. Lakini lau wangempasua kifua wakachungulia ndani, wangebeba viatu mkononi na kukimbia. Mboni hakutoka Chumbageni kuja kumuuguza Bi Hasina kwa huruma. Alikuja kulitoa neno moja lililokuwa limefungwa ndani ya mdomo uliopinda, na alikuwa tayari kumbeba, kumwogesha na kumlisha kijiko kwa kijiko mpaka alipate.

Neno lenyewe lina historia yake. Zamani Mboni alipokuwa mwari wa mji huu huu, Bi Hasina ndiye aliyekuwa somo yake. Na somo si mtu mdogo. Ndiye aliyemweka ndani, akamsinga kwa liwa, akamfunda ya jikoni na ya chumbani, akamtia ndani ya nyumba ya mume kwa mkono wake. Asubuhi ya harusi somo ndiye anayeingia kuchukua kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha kitanda cha maharusi, na kutoka nacho uani ambako wanawake wamejaa wanangoja kupiga vigelegele. Mboni alimkabidhi Bi Hasina kitambaa kikiwa na damu yake, akiona haya na fahari kwa pamoja. Bi Hasina akakipokea, akakikunja, akatoka. Kitambaa kilichofunguliwa mbele ya wanawake kilikuwa cheupe pe, kama kilivyotoka dukani.

"Nguo ndiyo hiyo," Bi Hasina aliwaambia. "Mimi sisemi kitu."

Asiyesema kitu! Mji mzima ulisema kwa niaba yake. Vigelegele viliishia kooni, wapiga vugo wakakusanya pembe zao, na pilau ya harusi ikaliwa kimya kimya kama ya matanga. Kabla ya adhuhuri Suleimani, bwana harusi wa usiku mmoja, alikuwa ameshatoa talaka. Na miezi michache tu baadaye, kabla mfungo sita haujaandama, alimwoa Sabra, binti wa Bi Hasina wa kumzaa mwenyewe. Hapo ungedhani mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho ya Pangani yalikuwa yameganda kwenye kitambaa, hayakuona kingine.

Baba yake Mboni aliuza minazi yake akahamishia watu wake Tanga, Chumbageni, akawa hapiti tena barabara ya Pangani hata kwa maziko. Mama yake alishikwa na presha, presha ikazaa kiharusi, na kiharusi kikamlaza kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Mboni ndiye aliyemuuguza. Yeye mwenyewe aliozwa kwa mzee mmoja wa Moa, bila ngoma wala hina, kama mtu anayehamisha mzigo. Mzee alipofariki alirudi Chumbageni akawa anaoka mikate ya kumimina na kuuza, na hiyo ndiyo ikawa dunia yake. Hakuzaa. Kila alipojilaza alimwapiza Bi Hasina kwa jina lake na la mama yake.

Suleimani hakumwapiza. Kwa miaka yote hiyo alimtafutia Suleimani udhuru. Alikuwa kijana, haya zilimjaa, taa ilizimwa, aliondoka kwenda kuoga kabla hakujapambazuka. Angejua nini? Mwanamume naye usiku ule hajui mbele wala nyuma, hungoja aambiwe na kungwi. Ndivyo Mboni alivyojiambia. Na mahali fulani moyoni, mahali ambapo hata yeye aliona aibu kupapasa, alitamani siku moja Suleimani aujue ukweli, ajue alitupa nini.

Habari ya kiharusi cha Bi Hasina ilipofika Chumbageni, Mboni alikuwa anakoroga unga wa mchele. Mleta habari alisema mama wa watu amepooza upande mzima wa kulia na ulimi umekufa. Mboni akacheka. Alicheka, nami sitamfichia. Kisha kicheko kikamkatikia njiani, kwani wazo lilimjia baridi kama maji ya mtungi: ulimi ukifa, neno lake limezikwa humo. Bi Hasina akiondoka hivi, ataondoka nalo, na mji utabaki na kile kitambaa cheupe mpaka kiyama. Aliufunika unga, akafunga nguo zake kwenye kanga, akapanda gari la Pangani.

Aliyoyakuta yalimtia hasira ya aina nyingine. Bi Hasina alikuwa amelazwa chali kama gogo, mto mmoja tu, mkono wa kulia umening'inia pembeni, na mgongoni ngozi imeanza kuwa nyekundu. Asubuhi alipopatwa na kiharusi, akiwa anakunywa uji, kijiko kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka ya kilevilevi. Mtu mwenye dalili hizo hukimbizwa hospitali saa ile ile, hata uji usimalizwe. Lakini Sabra aliona ni upepo mbaya uliompitia mama yake alipotoka kutawadha. Akaita mganga, mganga akafukiza ubani, na walipofika hospitali ya Tanga siku ya tatu, daktari aliwaambia saa zile za mwanzo ndizo zilizokuwa na dawa, nao wamezifukiza.

Kilichowapotosha zaidi ni Fatiha. Bi Hasina hakuweza kuomba maji. Hakuweza kumwita mwanawe kwa jina. Lakini mtu akimwanzishia Fatiha aliishika na kwenda nayo mpaka amin bila kujikwaa. Basi mganga akatoa fatwa yake kwamba jini ameshika maneno ya dunia, ya Mungu ameyaachia kwa kuogopa. Sabra kwa upande wake alikuwa na maelezo mafupi zaidi.

"Anajifanya," alimwambia Mboni mlangoni, amechoka, kanga imemlegea. "Mtu wa kusoma Fatiha nzima ashindwe kusema nataka kwenda haja? Ananikomoa tu."

"Hakukomoi," Mboni akasema. "Mama yangu pia alikuwa hivyo hivyo."

Alilijua jambo hilo kwa sababu ya Imakulata, mtoa mazoezi aliyekuwa akimhudumia mama yake. Imakulata alimweleza kwamba maneno ya kutafuta kichwani huvunjika kwa kiharusi, lakini yaliyokaririwa tangu utotoni, dua, nyimbo, hata matusi, mara nyingi hubaki mazima. Na akamwambia jambo ambalo Mboni hakulisahau: mgonjwa asiyeweza kusema si kwamba haelewi. Anaelewa. Yumo ndani, anakusikia.

"Mwari hamtupi somo yake," Mboni alimwambia Sabra. "Niachie mimi."

Sabra alilia kwa faraja, akamshika mikono yote miwili. "Allah atakulipa, dada."

"Atanilipa," Mboni akajibu.

Siku hiyo hiyo, Sabra alipokwenda sokoni, Mboni alifunga mlango wa chumba akavuta kigoda karibu na kitanda. Bi Hasina alimtazama. Jicho la kushoto lilikuwa kali vile vile kama zamani, la kulia limelegea.

"Shikamoo, somo. Unanijua?"

Jicho lilisema linamjua.

"Vizuri. Usidhani nimekusamehe. Wallahi sijakusamehe hata unywele. Mama yangu alikufa kitandani kama hiki kwa ajili ya mdomo wako. Mimi nitakuuguza vizuri kuliko mwanao, nitakulisha, nitakugeuza, nitakufundisha kusema upya kama mtoto. Na siku utakayosema, utawaita wanawake wote uliowaonyesha nguo ile, uwaambie uliificha. Ndiyo sababu hutakufa. Mimi sitakubali ufe."

Bi Hasina alifumba macho yote mawili. Chozi lilimtoka upande mmoja tu, na Mboni akalifuta kwa ncha ya kanga, kwa mkono mgumu.

Basi kazi ikaanza, na nawaambia, hakuna muuguzi hodari kama mwenye chuki. Mwenye huruma huchoka, husinzia, husema leo tumwache apumzike. Mboni hakusinzia. Alimgeuza ubavu huu na ubavu ule mpaka wekundu wa mgongo ukapoa. Alimkalisha wima kabla ya kila tonge, uji akaukoroga mzito kwani mwepesi ungemwendea njia ya hewa, akaupitisha shavu lililo zima na kungoja ameze ndipo alete kijiko kingine. Mkono uliopooza hakuuvuta hata siku moja. Aliuegemeza kwenye mto, akaukunja na kuukunjua kidole kwa kidole. Dawa za presha alimpa kwa wakati wake. Siku moja Sabra aliposahau kuzinunua, Mboni alimwangalia kwa namna ambayo Sabra hakusahau tena.

Na palipokuwa na nafasi ya kumuumiza ndani ya matibabu, hakuiacha ipite. Kioo, kwa mfano. Imakulata alikuwa amemfundisha kwamba mgonjwa anyooshe midomo mbele ya kioo, acheke, apulize, auone uso wake ukifanya kazi. Mboni alileta kioo kikubwa cha kabati akakiegemeza miguuni pa kitanda. Bi Hasina enzi zake alikuwa mrembo anayejijua, mwenye wanja na asumini, na kwa umri wake wote hakuna harusi iliyompita bila watu kumgeukia.

"Jitazame," Mboni alimwambia kila asubuhi. "Huo ndio mdomo. Unyooshe."

Bi Hasina aligeuza uso. Mboni akaurudisha, taratibu, kwa vidole viwili kwenye kidevu. Watu waliochungulia dirishani waliona subira, wakamwombea dua.

Kusema kulikuja kupitia nyimbo. Somo yule aliimba katika harusi za Pangani kwa miaka na miaka, na nyimbo za vugo zilikuwa zimemwingia kwenye mifupa. Mboni alipiga makofi kitandani, akaanzisha mdundo, na Bi Hasina, bila kupenda, midomo ikamchezacheza na sauti ikatoka. Mboni akauchukua ule mdundo akaupachika neno. Ma-ji. Ma-ji. Waliimba maji mpaka neno likazoea kutoka, kisha makofi yakapunguzwa, kisha wimbo ukaondolewa, na mchana mmoja Bi Hasina akamtazama Sabra aliyekuwa anafagia, akasema, "Maji." Sabra alitupa ufagio, akamkumbatia mama yake, akaenda mtaani akitangaza.

Baada ya maji likaja uji, likaja Sabra, likaja basi. Mboni alichagua maneno kama mtu anayechagua mawe ya msingi. Alimfundisha kusema Mboni. Kisha alimletea alilolitaka tangu mwanzo.

"Sa-fi," alimwimbia, akipiga makofi. "Mbo-ni sa-fi."

Bi Hasina alifumba mdomo. Alijua. Siku hiyo hakutamka hata maji, na iliyofuata hivyo hivyo. Kila Mboni alipogusa neno hilo, ule uso nusu ulikuwa mlango uliokomewa.

"Kaidi tu," Mboni alimwambia, akimkausha miguu baada ya kumwogesha. "Mimi sina haraka. Nina mikate gani ya kuokwa inayoningoja? Mwaka huu, mwakani. Nitakuwa hapa ukiamka na nitakuwa hapa ukilala, na kioo kile."

Suleimani aliishi nyumba ile ile na Sabra, lakini alikuwa haingii chumbani humo. Alikuwa mtu mzima sasa, tumbo limemtangulia, anaheshimika barazani. Akikutana na Mboni uani alisema "Habari za mgonjwa?" kwa upole, macho chini, na Mboni alijibu salama huku moyo ukimfanyia vituko vya msichana. Mara moja tu alisogea mpaka mlangoni kwa mama mkwe wake, akasimama na kofia mkononi. Bi Hasina alipomwona alitoa mlio mbaya kooni na kugeukia ukuta, akagoma kugeuka mpaka alipoondoka. Mboni alidhani ni aibu. Alifurahi. Alisema moyoni, mama huyu anamwonea haya mkwewe kwa uongo aliomlisha.

Baada ya siku ile, bila kusukumwa, Bi Hasina alianza mwenyewe. Mboni alikuwa anamchana nywele. "Sa," akasema mgonjwa. Akakwama, akatafuta, jasho likamtoka kipajini. "Safi." Akamshika Mboni kifundo cha mkono kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, akasema, "Mboni safi."

Mboni aliweka kitana chini. Akakaa kitandani. Ukweli ni kwamba alilia, akauma kanga ili Sabra asisikie. Halafu akafuta uso na kuendelea, kwa sababu neno lililosemwa chumbani kwa watu wawili ni sawa na halijasemwa. Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja, mmoja kwa chuki na mwingine kwa sababu zake. Neno "nilificha" lilikuwa gumu kupita yote. Bi Hasina alilivunja, akalikosea, akapiga godoro ngumi kwa hasira, akalirudia.

Alipoweza kusimama na mkongojo na kuburuta mguu mpaka mlangoni, Sabra akasema lazima isomwe dua ya kushukuru. Mboni aliafiki mbio mbio. Alizunguka yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake, na aliwatafuta hasa wale waliokuwapo uani asubuhi ile, wale ambao bado wako hai. Wa kwanza alikuwa Bi Shadya, ambaye ulimi wake ndio uliosafirisha habari ya kitambaa kuliko barabara yoyote ya mkoa huu.

Wakaja baada ya alasiri. Wanaume walikaa barazani na kahawa yao, Suleimani mwenyeji wao. Wanawake walijaa ukumbini juu ya mikeka, na Bi Hasina katikati kwenye kiti, amevishwa kanga mpya, amepakwa wanja na Mboni mwenyewe. Dua ikasomwa. Visheti vikapita.

"Mboni, umetuinamisha nyuso," Bi Shadya alisema, sauti ikisikika ukumbi mzima kama ilivyo ada yake. "Sisi tuliokusema, leo wewe ndiye unayemlea somo yako. Mwenyezi Mungu akusitiri kama unavyowasitiri wenzio."

Akusitiri! Mpaka katika dua walikuwa wanalikumbuka lile doa lisilokuwapo. Mboni alisimama nyuma ya kiti.

"Ahsante, Bi Shadya. Somo ana neno anataka kuwaambia."

Bi Hasina aliwatazama, mmoja mmoja, akavuta pumzi.

"Mboni... safi," alisema. "Nguo... damu. Mimi... nilificha."

Mboni akangoja, kwa maana alikuwa amekingoja kitambo hicho kwa umri wake wote. Alingoja kilio, alingoja astaghfirullahi, alingoja Bi Shadya aanguke miguuni pake.

"Masikini," Bi Shadya akasema. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Maradhi haya huharibu na akili."

"Na maneno si kafundishwa?" akadakia mwingine kutoka pembeni. "Nani kamsemesha? Si yeye Mboni? Mwenzangu, hata kasuku husema alichofunzwa."

Kicheko kidogo kikapita kwenye mikeka, kicheko cha adabu, cha mkono mdomoni. Hawakumcheka kwa ubaya. Walimsamehe, na hilo ndilo lililomchoma. Waliona ni mwanamke aliyejitafutia jina lake kwa njia ndefu, na nani asingemwelewa? Mboni alisimama pale amekauka. Alikuwa amejiandaa kwa Bi Hasina kukaidi, kulia, hata kufa. Hili hakulifikiria. Ulimi ule aliujenga kwa mikono yake, silabi kwa silabi, mji mzima ukishuhudia, na sasa mji unasema ulimi ni wake yeye. Alitamani kuvunja kila kikombe kilichokuwa humo ndani. Alijichukia kwa ujinga wake, akawachukia wote waliokaa juu ya mikeka ile wakilamba sukari ya visheti vidoleni.

Bi Hasina akagonga mkongojo sakafuni.

"Suleimani," alisema.

Mboni aligutuka. Hakumfundisha jina hilo. Maneno yote aliyachagua yeye, na hilo alilikwepa makusudi.

"Suleimani... kaniomba." Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, hakujali. Alikuwa anayang'oa maneno kama mtu ang'oaye muhogo kwenye udongo mkavu. "Baba yake... kamlazimisha... amwoe Mboni. Yeye... ataka Sabra. Kaja kwangu. Asubuhi. Kasema... ficha." Akagonga tena. "Alijua. Damu... kaiona. Alijua."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi Shadya aliweka kikombe chini. Kasuku hasemi asilofunzwa, na kila mtu mle ndani aliona uso wa Mboni, aliona kwamba hilo lilikuwa jipya kwake kuliko kwao. Sabra alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia mkononi.

"Mama," alisema. "Mama, unasema nini?"

Mboni hakumsikia. Alikuwa anamwona kijana mwenye haya, taa imezimwa, anaondoka kwenda kuoga. Kumbe hakwenda kuoga. Alikwenda kumwamsha Bi Hasina. Aliiona damu yake, akaijua ni nini, akaenda kuomba ifichwe. Kisha akatoa talaka kabla ya adhuhuri, akaacha mama wa mtu afe na aibu isiyo yake, na miaka yote hiyo Mboni akamwekea mahali safi moyoni akimpangusia vumbi. Hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko yote aliyopata kuijua, na ilikuwa tamu, kwa kuwa hatimaye ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anakunywa kahawa.

Alimtia Bi Hasina mkono kwapani.

"Inuka, somo."

"Unampeleka wapi?" Sabra akauliza.

"Barazani."

"Kwa wanaume?" Bi Shadya alishtuka kweli kweli. "Mboni, we! Mambo ya kisarawanda hayatoki kwa wanawake."

"Yangu yalitoka," Mboni akasema. "Yalinifuata mpaka Moa."

Wakaenda. Mguu wa kulia wa Bi Hasina ulijiburuta, mkongojo ukagonga, na wanawake wakawapisha njia wakivuta miguu yao kwenye mikeka. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Barazani mazungumzo yalikatika moja moja, kwani si kawaida wanawake kuwatokea wanaume hivyo katikati ya kahawa. Suleimani alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, karibu na ngazi. Alipowaona alitabasamu.

"Mashaallah," aliwaambia wenzake. "Mnaona? Mama anatembea."

"Na anasema," Mboni akajibu. Akamsimamisha Bi Hasina mbele ya kile kiti, akamshikilia mgongo asiyumbe. "Sema na hapa, somo."

Bi Hasina alivuta pumzi. Hakuwa na mkono wa kulia wa kuonyeshea, kwa hiyo aliegemeza uzito wote kwa Mboni, akanyanyua mkongojo kwa mkono wa kushoto, ncha yake ikasimama mbele ya kifua cha mkwewe.

"Mboni... alikuwa safi," alisema. "Huyu... alijua. Huyu... kaniomba nifiche."

"Jamani, mama mgonjwa," Suleimani alisema upesi, akicheka kicheko kisicho na pumzi. "Msimsikilize, hajui..."

"Ulijua nini, Suleimani?" akauliza mzee mmoja aliyekaa kwenye mkeka. Alikuwa mmoja wa wale waliosimamia ndoa ile na kushuhudia talaka yake. Hakupandisha sauti. "Jibu. Ulijua nini?"

Suleimani aliwatazama, kisha akautazama mlango, na mlangoni alisimama Sabra na sinia lake, na nyuma ya Sabra wanawake wote wa mji. Aliinuka, akaanza kutafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu, akivaa kimoja na kukivua, na hakuna aliyemsaidia kuvitafuta.

Mboni akamketisha Bi Hasina kwenye kiti kilichobaki wazi, akamwekea mkono uliopooza vizuri juu ya paja, akamfuta mate.

"Tena," alimwambia. "Kwa sauti. Wale wa mwisho kule hawakusikia."